Kisigino cha Mzee Ongeri

Tangu kiharusi kimpige, mguu wa kulia wa Mzee Ongeri uliburuta vidole chini, naye akawa hatoki nje ya boma lake pale Keroka. Hakutaka kushikwa na wageni. Natasha, mkaza mwanawe, alikuwa fundi wa miguu ya bandia katika karakana moja ya Nyanchwa. Sasa fundi ni wa nyumbani, mgonjwa ni wa nyumbani, tatizo liko wapi? Tatizo ni chinsoni, ile heshima ya Wakisii: mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi. Amshike mguu? Thubutu!

Basi Natasha akajifanya mjanja, amtengenezee kifaa cha kuushikilia mguu usiburute, bila kuugusa. Alichukua kiatu cha mzee, akamimina plasta ndani, akapata kalibu. Juu yake akatandaza kitambaa cha kaboni kilicholowa gundi. Lakini kona ya kisigino ilikuwa kali, na kitambaa kile hakipendi kona kali. Kiliinuka pembeni, kikaacha uwazi chini yake. Natasha aliuona, akasema gundi itajaza. Siku mzee alipokanyaga, kifaa kilipasuka papo hapo konani, akaanguka mlangoni. Hakumlaumu mtu. Alisema tu asisumbuliwe tena, na hilo ndilo lililomuuma Natasha.

"Mama, nahitaji mguu wenyewe," alimwambia Tryphosa, mama mkwe wake.

"Heh! Na wewe utakuwa wapi?"

"Nje ya dirisha. Mikono itakuwa yako. Lisilo budi hutendwa, mama."

Ikawa sinema. Natasha amesimama nje, ameligeuzia dirisha mgongo, anapaza sauti, "Zungushia bendeji ya plasta kisiginoni kwanza! Usivute!" Ndani Tryphosa anafoka, "Wewe mzee, tulia! Unacheka nini?" Na kweli alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu augue. Natasha alimshukuru Mungu kwa kicheko kile.

Karakanani, juu ya kalibu mpya iliyotokana na mguu wenyewe, hakuharakisha. Kisigino cha mtu kina mviringo, lakini bado kinapinda ghafla. Alikata kitambaa mshazari ili nyuzi zikubali kupinda, akakibana kisiginoni kwa kidole, kisha akakilaza taratibu kwenda juu. Palipoinuka alipasua kidogo, akapachika kiraka. Akafunika kwa nailoni, akanyonya hewa yote kwa pampu mpaka kikagandama. Kilipokauka alikigonga kwa ukucha kona nzima, akisikiliza mlio. Uwazi haukuwapo.

Tryphosa alimvisha mzee, akapiga simu: amezunguka boma, kifaa kimeshika! Lakini kutoka kwa mzee mwenyewe, kimya. Wiki ikapita. Haidhuru, Natasha akajiambia, bora anatembea.

Jumapili mama yake mzazi akampigia kutoka Gesima, anahema.

"Natasha, baba mkwe wako yuko hapa! Ameshukia barabarani, akapanda mlima wote kwa miguu yake. Amekataa kuketi, amekataa chai mpaka aseme neno lake."

"Neno gani, mama?"

"Anasema amekuja kutushukuru kwa kukuzaa."

Natasha alikaa palepale sakafuni, akalia.