Mara ya Tatu Pak Kasiran Alipokubali

Wening alichotaka usiku ule hakikuwa kikubwa. Alitaka wimbo wake na Seto uimbwe mbele ya watu mara moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla Seto hajapanda basi la alfajiri kuanza safari ya kisiwa cha Batam, ambako kazi ya kuchomelea meli ilikuwa inamngoja kwa mkataba wa miaka mitatu. Wimbo wenyewe ulikuwa wa dakika nne. Walikuwa wameutunga kwa miaka miwili katika chumba cha kupanga mjini Salatiga, wakibishana juu ya kila neno, na mpaka jioni ile Wening hakuwa amewahi kuusikia ubeti wa tatu. Ubeti huo aliuandika Seto peke yake. Kila walipofanya mazoezi aliupitia kwa kuguna tu, midomo imefungwa, akisema maneno yake atayatoa siku yenyewe.

Siku yenyewe ndiyo hiyo, na saa ya ukutani ilikuwa inakimbia.

Walikuwa katika duka la kahawa la Mbak Ratri, yaani dada Ratri, ambalo zamani lilikuwa gereji ya baba yake. Mvua ikinyesha, sakafu bado ilitoa harufu ya oili. Watu arobaini hivi walikuwa wameketi kwenye mikeka, viatu vyao vimerundikana mlangoni, na sahani za tempe, vipande vya soya vya kukaanga, zilipita mkono kwa mkono. Barua ya kibali ilikuwa imebandikwa karibu na swichi ya taa, ina muhuri wa mjumbe wa mtaa, nayo ilisema muziki uanze saa moja na ukome saa tatu kamili usiku, kwa sababu kuta za mtaa ule ni nyembamba na watoto wana shule.

Mjumbe aliyepiga muhuri huo ni mzee ambaye wote walimwita kwa heshima Pak Kasiran. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa kibali, yeye ndiye aliyepaswa kufungua shughuli kwa maneno machache. Hilo halikuwa na mjadala. Basi saa mbili kasoro robo, watu walipokwisha kujaa, alisimama na shati lake la batiki lililopigwa pasi, akashukuru, akawakumbusha vijana kuhusu mbu wa homa ya dengi, akaeleza siku za kutoa takataka, akalalamikia pikipiki zinazoegeshwa mbele ya mlango wa mama jirani, Bu Lasmi, na dakika ishirini zikaenda. Mbak Ratri, aliyekuwa nyuma ya kinasa sauti alichokiazima kwa ajili ya wimbo ule mmoja, alivua hedifoni sikio moja akamnong'oneza Wening kwamba ameshawanasa mbu, ameshazinasa takataka, albamu inakwenda vizuri.

Wening alikuwa ndiye mshereheshaji. Pak Kasiran alipomaliza, adabu ilimtaka amwombe mzee awaimbie kidogo. Akamwomba. Pak Kasiran akatikisa mkono, akasema sauti yake ilizeeka kabla yake. Wening akamwomba tena. Akakataa tena, anacheka.

Hapo ndipo pa kunyamaza. Wening alilijua hilo tangu akiwa na miaka mitano, alipokuwa akifinywa paja na mama yake kwenye nyumba za watu, mbele ya sahani ya vitafunio. Ombi la kwanza ni salamu. La pili ni heshima. La tatu ndilo ombi la kweli, na anayeombwa mara ya tatu anakubali, la sivyo amekutukana. Mtu hatoi la tatu kama hataki. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, nyuso zote zimemgeukia, naye akapenda kupendwa. Neno likamtoka.

"Mmoja tu, Pak. Tafadhali."

Pak Kasiran aliingiza vidole mfukoni mwa shati akatoa flashi. Ilikuwa na muziki wote wa kumsindikiza, umepangwa kwa namba.

Aliimba nyimbo za keroncong, zile za polepole za enzi za bibi zao. Kama angeimba vibaya, Wening angeweza kumchukia kwa raha. Lakini mzee alijua. Sauti ilipanda pale ilipotakiwa kupanda na kulegea pale ilipotakiwa kulegea, na wale vijana waliokuja wakisema wamechoshwa na makelele, wanataka gitaa moja na ukimya, walinyanyuka wakaimba naye kwa pamoja huku simu zimeinuliwa juu. Wimbo wa kwanza ukawa wa pili. Kijana mmoja mwenye ndevu akapaza sauti kuomba mwingine, na Wening akatamani kumrushia sahani. Ukaja wa tatu. Ukaja wa nne.

Alipenya hadi kwenye kona ya mashine ya kahawa, ambako Seto alikuwa anakaza nyuzi zilizokwisha kukazwa.

"Mas, nenda ukamwambie basi," Wening alimwambia, akimwita kaka kama kawaida yake.

"Nimwambie nini? Aliyemkaribisha mara tatu ni wewe."

"Najua ni mara ngapi."

"Basi tulia, Ning. Atachoka."

Hakuchoka. Aliposhuka, kulikuwa bado na wawili waliotangulia kwenye orodha, dada mwenye kinanda cha mdomo na kaka mmoja wa chuo, na ingawa Wening aliwasihi waimbe wimbo mmojammoja, kila mmoja alitumia muda wa nyimbo tatu kueleza ule mmoja ulitoka wapi. Ilipofika zamu yao ilikuwa saa tatu kasoro dakika sita. Waya wa gitaa ukaanza kunguruma. Seto akauchomoa, akauchomeka, akaupuliza. Nusu ya watu walikuwa wametoka nje kuvuta sigara za karafuu. Kasoro mbili, waya ukanyamaza, na Mbak Ratri akainua kidole kuonyesha kwamba ananasa.

Wakaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Kwenye kiitikio sauti zao ziligusana kama walivyozoea chumbani, na kwa muda mfupi Wening alisahau kukasirika. Ubeti wa pili ukaanza, huku mtu nyuma anauliza nani ana kiberiti. Ndipo akasikia kiti cha plastiki kikiburutwa taratibu. Pak Kasiran, karibu na mlango, alikuwa ameanza kupanga viti kimoja juu ya kingine. Hakutazama jukwaani. Alikohoa, kikohozi kidogo, safi, cha mtu asiyeumwa.

Mkono wa Seto ukalegea juu ya nyuzi. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Aliufikisha mstari mwisho, akalaza kiganja kwenye gitaa, akatabasamu kwenye kipaza sauti.

"Saa tatu imefika. Asanteni sana, jamani."

"Aa, endeleeni tu, wanangu," Pak Kasiran alisema, ameshika kiti.

Alisema mara moja. Kila aliyekuwemo alielewa, na watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Wening alibaki amesimama jukwaani. Alimtazama Seto akilegeza mkanda wa gitaa, mpole, amekubali, kama alivyokubali Batam, kama alivyokubali kila kitu. Miaka miwili. Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

"Pak, wewe umeimba nyimbo nne. Sisi tumebakiza dakika mbili. Hili silisemi kwa adabu tu, nazitaka kweli."

Watu wakaganda, mmoja na kiatu cha mguu mmoja. Tabasamu lilibaki usoni kwa Pak Kasiran kama kitu alichosahau kukiondoa. Akakitua kiti chini, akakaa juu yake, akaweka mikono magotini.

"Haya," akasema.

Wening akageuka. Masikio ya Seto yalikuwa mekundu. Alimtazama Wening kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni na ndugu yake mwenyewe.

"Ubeti wa tatu," Wening alisema, na hakuondoa macho.

Seto akapiga. Akaimba juu ya mama anayepakua chakula cha mwanawe na kukifunika kila usiku, ingawa mwana ameshampigia simu kusema amekula mji mwingine. Aliimba harakaharaka, mstari mmoja akaumeza kabisa. Hakuna aliyeitikia kiitikio. Makofi yalikuja yamechelewa, machache.

Pak Kasiran alichukua flashi yake, akawapa mkono watu wote mmoja baada ya mwingine. Wening naye alimpa, mikono yote miwili, kama inavyotakiwa. Mzee akamwambia wimbo ni mzuri, tena mfupi. Wening hakujua kama amesifiwa au amechomwa, na hilo lilimkera kuliko kama angetukanwa waziwazi.

"Kila kitu kimo," Mbak Ratri alisema akikunja hedifoni. "Na viti, na kikohozi, na wewe."

Seto alikuwa amepiga magoti, anafunga mkoba wa gitaa. Alisema yeye kesho hayupo, atakayekutana na mzee kila asubuhi ni Wening, basi ampelekee hata vitafunio na kumwomba radhi. Wening akajibu kwamba atakwenda, na ataomba radhi kwa kumsema mbele ya watu, ila zile dakika mbili hataziombea radhi kwa mtu yeyote.

Seto akavuta zipu hadi mwisho.

"Sikuuimba vizuri," alisema.

Siku nyingine yoyote Wening angesema hapana, Mas, ulikuwa mzuri sana.

"Hukuuimba vizuri," alisema. "Ule mstari ulioumeza unasemaje?"

Seto aliinua kichwa. Mbak Ratri alikuwa anazima taa za upande wa jukwaa. Nje pikipiki zilianza kuwashwa mbele ya mlango wa Bu Lasmi, na Seto, kwa sauti ya kusema na si ya kuimba, akamwambia.