Mwenye Ndizi Huonja Kwanza

Asubuhi ya sikukuu ya Uhuru, mwaka 1973, Zuwena binti Hassani alifika Gatete na mirija mia mbili aliyoikata mwenyewe kwenye matete ya ziwa, akaisafisha na kuifunga kumi kumi. Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na hakukusudia kuanza siku hiyo. Lakini walevi wote kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac walijua kwamba mrija wa Zuwena hauvuji wala hauchomi ulimi, na mashindano ya kuonja urwarwa, ile pombe ya ndizi, hayafanyiki kwa midomo mitupu.

Mitungi kumi na miwili ilipangwa chini ya turubai, na nyuma ya kila mtungi alisimama mkulima wake, ili waonjaji wamjue aliyetoa ndizi. Nyuma ya mtungi wa saba alisimama Bwana Leonidasi, amevaa koti la kahawia, papiye, hati ya shamba, i mfukoni. Shamba lenyewe lilikuwa la Feruzi, mumewe Zuwena. Mwezi wa tano wa mwaka uliotangulia Feruzi alipandishwa lori pamoja na wanaume wengine wa pale, lori likashika barabara, na majuma matatu baadaye Leonidasi akawa anavuna. Katika kitabu cha karani Feruzi aliandikwa kuwa amesafiri. Matanga yalikatazwa, kwa kuwa msafiri haliliwi.

Zuwena hakuwa akidai shamba. Mwenye nguvu mpishe, na alikwisha kumpisha. Alichotaka ni hitima. Mara nne alikwenda kwa Shehe Abdulhamid, na mara nne shehe alimjibu kwa upole kwamba hawezi kumsomea hitima mtu ambaye huenda yu hai. Alete shahidi. Mashahidi wote walikuwa wamepanda lori lile lile.

Desturi ya huku inajulikana: pombe hainywewi kabla mwenyewe hajaionja, watu wapate kuona kwamba haina sumu. Wenye mitungi wakainama, kila mmoja na mrija wake. Kwa watano pombe ilipanda. Kwa saba haikupanda. Leonidasi alivuta hadi macho yakamtoka, na urwarwa ukabaki umetulia mtungini.

"Mirija ya huyu mama imeziba," alisema.

Zuwena akauchukua mrija wa Leonidasi, akauchovya kwenye ndoo ya maji, akavuta, maji yakaja. Akajaribu wa pili na wa tatu. "Mirija yangu iko mizima, shefu," alisema.

Mwonjaji mkuu alikuwa Mzee Mushagalusa, Mkongomani aliyehamia Rumonge zamani, mwenye ulimi uliojua hata upande wa mgomba uliopigwa na jua. Aliinusa ile mitungi saba mmoja mmoja, akajifuta masharubu.

"Mirija haina neno. Hii pombe iko inangoja mwenyewe. Mumuite aonje, na sisi tukunywe."

"Mwenyewe ni mimi," alisema Leonidasi. "Papiye iko hapa."

"Papiye haina mudomo. Mumuite."

Hakuna aliyeita. Majina ya waliopanda lori yalikuwa hayajatajwa hadharani kwa miezi kumi na minne. Watu walizoea kuyameza pamoja na ugali. Zuwena alikuwa na sababu moja zaidi. Katika miaka kumi na moja ya ndoa hajapata kumwita mumewe kwa jina lake, maana mke mwenye adabu humwita mume kwa jina la mtoto. Alimwogopa Leonidasi, aliwaogopa askari wawili waliokaa kivulini, na zaidi ya hao wote aliogopa kwamba ataita asiitikiwe. Akaweka mirija chini.

"Feruzi bin Uledi!" aliita. "Njoo uonje ndizi zako!"

Feruzi akaja kutoka upande wa barabara, amevaa lile shati la mistari alilochukuliwa nalo, kiatu mguu mmoja. Watu wakampisha. Askari mmoja akamwambia "Amahoro," naye akaitika "Amahoro."

"Mama Asiya," alisema. "Umekonda."

"Na we je, Baba Asiya?" alisema Zuwena. "Nataka unijibu mbele ya watu. We umekufa?"

"Nimekufa, mama. Siku ya pili ya lori, kabla ya adhuhuri. Tulikuwa kumi na wanane, na hatukufika mbali."

Shehe Abdulhamid, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na pombe kama inavyompasa, alitoa kalamu akaandika siku na saa. "Inatosha," alisema. "Sijui shahidi wa kumshinda maiti mwenyewe. Hitima ni Ijumaa, Mama Asiya. Eda yako, kwa hesabu ya sheria, ilikwisha mwaka jana. Umeikaa bila kujua."

Hapo Zuwena alilia kwa sauti, kilio kilichokaa kifuani miezi kumi na minne, na utamu wa kulia ukamfika hadi miguuni. Askari hawakumkataza. Mtu aliyeliliwa hakuwa msafiri tena.

"Sasa onja, ndugu," alisema Mushagalusa. "Kiu inatuua."

Feruzi alichungulia mtungini, akakunja uso. "Pombe? Mimi nilipanda ndizi, sikupanda ulevi. Nani amefanya hivi?"

Wote wakamtazama Leonidasi, ambaye kwa mara ya kwanza hakutaka kuwa mwenyewe.

Feruzi akachovya kidole. Povu likashuka, ukali ukaondoka, na urwarwa ukarudi kuwa mutobe, yale maji matamu ya ndizi ambayo hata mtoto hunywa. Akachuchumaa, akasema bismillahi, akanywa kwa pumzi tatu. Kisha akampa Zuwena mrija. Baada yake alikunywa shehe, kisha askari. Mushagalusa, ambaye hajanywa kitu kitamu tangu aachishwe ziwa, alisema hajapata kuonja kitu kizuri namna ile, akaomba jambo hilo lisitangazwe huko Rumonge.

Sasa woga ulikwisha. Mwanamke mmoja akaita "Amisi!" Mwingine akaita "Ntahombaye!" Mzee asiye na meno akamwita mwanawe Barutwanayo mara tatu, kwa furaha ya kulitamka jina tu. Wakaja, kila mmoja akaonja mtungi wake, na pombe zikapanda. Vigelegele vilisikika hadi ziwani, wavuvi wakadhani ni vya Uhuru.

Mtungi wa saba ulishinda. Tuzo, baiskeli mpya, alipewa Leonidasi, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye papiye, naye akaipokea. Waliokuja wakaaga, wakarudi kwa barabara waliyojia. Shamba likabaki kwa Leonidasi, na kitabu cha karani bado kinasema Feruzi amesafiri.

Lakini Ijumaa hitima ilisomwa, msikiti ukajaa, pilau ikawatosha hata wasioalikwa. Na tangu siku ile hakuna tone la shamba lile linalopanda mrijani mpaka mwenyewe akaribishwe. Leonidasi ni mtu wa wageni, na wageni wana kiu.

Jumamosi moja Zuwena alikuwa akipita nje ya ua wa Leonidasi, mzigo wa matete kichwani. Akamsikia mle ndani akikohoa mbele ya wageni.

"Feruzi bin Oledi," alisema Leonidasi. "Karibu uonje."

Zuwena akasimama. "Uledi," alisema juu ya ua, kwa sauti ya mwalimu asiye na haraka. "Si Oledi. Sema tena."

Leonidasi akasema tena.