Samaki wa Goli la Kwanza

"Fungua koti," Reino Kangas alimwambia mkewe mlangoni, buti zake tayari ziko miguuni.

"Tangu lini umekuwa polisi?"

"Aune. Fungua koti."

Aune akafungua. Samaki alikuwa pale, amefungwa kifuani kwa taulo la sauna, ameganda akawa mgumu kama ubao. Reino akamfungua taratibu, akamrudisha kwenye friza, kisha akaegemea mlango wa friza kwa mgongo, kana kwamba samaki angeweza kutoka mwenyewe.

"Mwaka huu hapana, nakuomba. Yule mama wa kamati amesema akidondoka samaki mmoja tu kwenye barafu, mashindano yanahamia mji mkubwa. Kule viti vyao vina mito."

"Waende na mito yao."

"Na mimi nitamlainishia nani barafu? Watoto wa chekechea?"

 Aune alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka kwenye theluji bila kumsubiri.

Hapa Kallio, mashindano ya hoki ya barafuni ya vyuo vinne vya ukanda wa ziwa ndiyo sikukuu yetu hasa. Krismasi huja na kupita. Watu hungoja Februari. Wiki hiyo waliokosana hurudiana ili wasipoteze viti vyao vya pamoja, na mchungaji hufupisha mahubiri bila kuombwa na mtu. Miaka thelathini na moja iliyopita baba yake Aune alitoka kuvua akaja jukwaani moja kwa moja. Chuo chetu kilipofunga goli lake la kwanza la mashindano, mzee alitafuta kitu cha kurusha kwa furaha, akakuta ana samaki tu. Mwaka huo tulitwaa kombe. Tangu hapo goli la kwanza bila samaki halimtulii mtu moyoni. Mzee alipofariki, Aune alishika zamu, na mkono wake haujawahi kukosea: samaki hutua katikati ya uwanja, ndani ya duara. Mji mzima unajua ni yeye. Kamati ndiyo haijui, na sisi hatuna mdomo wa kuiambia.

Reino naye amekuwa akiendesha gari la barafu miaka ishirini na sita. Kila baada ya kipindi hupita na lile gari lake zito, likikwangua mikwaruzo ya viatu na kumwaga maji ya moto yanayoganda yakawa kioo. Aune hurusha, Reino huingia na ndoo na sepetu kuokota. Ziko ndoa zilizosimama juu ya mambo madogo kuliko hayo.

Saa sita mchana uwanja ulikuwa umefurika kwa nusu fainali ya kwanza. Reino, akiwa kwenye lango la gari lake, alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona safu ya tatu, ameketi wima kama nguzo. Kahawa yake ilikuwa sakafuni na hakuinama kuichukua. Reino akafumba macho. Alikuwa amesahau kwamba jirani yao pia ana friza.

Halafu akaona jambo baya zaidi. Bi Prudhomme, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amekataa kiti cha wageni. Alitaka kukaa na watu wa kawaida. Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya Aune.

"Unasikia harufu fulani?" Bi Prudhomme aliuliza katikati ya kipindi cha kwanza.

"Ni hili koti, mama. Mume wangu anashughulika na mashine."

"Mashine gani inanuka hivi?"

"Hata mimi huwa namuuliza. Karibu pai ya nyama, bado ya moto."

Kipindi kikaisha bila goli. Reino alizunguka na gari lake, na kila alipopita chini ya safu ya tatu alimkazia mkewe macho. Aune alikuwa anatazama paa. Cha pili nacho kikaisha hivyo hivyo, na shida ya muda mrefu bila goli ni kwamba juu ya viti vyetu kuna vipasha joto.

"Mama," Bi Prudhomme alisema, akitazama kiatu chake. "Unavuja."

"Umri, mwenzangu. Subiri na wewe ufike."

Safu nzima ya nyuma ilishikwa na kikohozi.

Zikiwa zimebaki dakika nne za kipindi cha tatu, cha mwisho, kijana wetu wa kushoto aliwapita watu wawili akapiga, kile kidude cheusi kinachochezwa badala ya mpira kikaingia wavuni. Goli, tena safi. Na hakuna aliyeshangilia. Watu elfu mbili walikuwa wamegeuka kumtazama Aune Kangas. Mfungaji aliinua gongo lake juu, akasikia ukimya, akalishusha. Kipa wa wapinzani akamuuliza refa, "Kwani si goli?" Refa mwenyewe alikuwa anatazama jukwaani.

Bi Prudhomme naye akageuka, polepole.

Aune alisimama. Mkono ulikuwa ndani ya koti hadi kwenye kiwiko. Ndipo alipomwona Reino langoni. Hakuwa anampungia mkono amzuie, wala hakuwa anatikisa kichwa. Alikuwa ameshika ndoo na sepetu, amejipanga kama kila mwaka, uso umepauka. Alikuwa tayari kuingia kuokota, hata kama ingekuwa mara ya mwisho.

Ile ndoo ilimmaliza Aune. Angembishia mtu yeyote aliyemkataza, lakini huyu alikuwa amekuja kumsaidia. Macho yakamjaa machozi, akatoa mkono ukiwa mtupu, akaketi.

"Ni goli, jamani!" alipaza sauti. "Mnangoja nini? Shangilieni!"

Paa nusura ling'oke.

Tulishinda kwa goli hilo moja. Wachezaji walipotoka, Aune alishuka ngazi hadi langoni, akafungua koti bila kuambiwa, akamkabidhi Reino samaki ndani ya taulo.

"Shika. Ameshalainika, hafai tena kurushwa."

"Sasa nimweke wapi?"

"Gari ni lako, mzee. Utajua mwenyewe."

Nusu fainali ya pili ilikuwa inasubiri barafu. Reino alipanda, akamweka samaki mapajani, akawasha gari. Alipoingia uwanjani watu walianza kusimama, safu baada ya safu, wakivua kofia.

Bi Prudhomme alikuwa ameshafungua kitabu cha kanuni. Akapitisha kidole kwenye ukurasa, mstari kwa mstari.

"Hajadondoka," Aune alimwambia, akiketi tena kando yake.

Bi Prudhomme alitoa kalamu, akaishikilia juu ya karatasi. Kisha akaifunika bila kuandika, akasogeza kiatu chake kutoka kwenye maji.

"Huwa anazunguka mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tisa, mama."

Chini, Reino alikuwa amefika kwenye duara la katikati. Alipunguza mwendo. Gari lilitetemeka, na mkia uliochomoza kwenye taulo ukawa unatikisika, na nyuma yake barafu ikabaki mbichi, inang'aa, haijakanyagwa na mtu.