Salamu kwa Boti ya Bramwel

Katika Kakamega nzima hakuna anayejua mbio za boti kunishinda mimi. Nakubali pia kwamba hakuna mwingine aliyejaribu, na kwamba boti yenyewe sijawahi kuikanyaga. Maji yakipita kifundo cha mguu mimi huanza kusali. Ziwa nimeliona mara moja tu, nikiwa kwenye basi la kwenda kuzika, na nilikuwa nimekaa upande usiofaa.

Lakini mwanangu Bramwel ni dereva wa boti za mbio kule Kisumu. Sisemi hizi za wavuvi. Nasema zile zenye pua ndefu na injini kubwa, zinazoruka juu ya maji kama jiwe bapa lililorushwa na mtoto mtundu. Wanaweka maboya ziwani, wanayazunguka, na anayerudi wa kwanza ndiye mshindi. Hayo yote aliniambia mwenyewe kwa simu, Jumamosi jioni, mbio zikishaisha.

Na mimi Jumamosi nilikuwa nachinja kuku, wakati bado nilikuwa na kuku wa kuchinja. Firigisi naiweka kando. Kwetu firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Mwanamke akiila, watu watamwongelea mpaka mazishini pake. Baba yake Bramwel tulishamzika, kwa hiyo firigisi ni ya Bramwel. Naifunika kwa kisahani. Ikifika Jumapili jioni, paka anakuwa mwanamume wa nyumba.

Tangu matanga ya baba yake, Bramwel hajalala hapa.

"Ningekuja, Mama," aliniambia siku moja, "lakini Jumamosi ni mbio, na Jumapili ni kufungua injini na kuikausha."

"Hakuna mwingine wa kushika huo usukani?"

"Alipwe na nani? Hatuna mfadhili. Wafadhili wanataka mchezo unaotangazwa. Sisi hata gazeti la kufungia nyama halijatuandika. Tungetangazwa, tungepata mfadhili, tungepata dereva wa pili. Hapo ningekuwa nakujanga kila wiki mpaka unichoke."

"Wewe jaribu tu," nikasema. "Tuone nani atachoka."

Alipokata simu nilikaa nikikitazama kile kisahani. Mimi niliishia darasa la saba, na hesabu zilinikataa kabla sijazikataa. Lakini nimezaliwa huku kwa mafahali. Najua mchezo unavyofanywa uwe mkubwa. Fahali hapigani kimya kimya. Ana jina, ana ukoo, anapigiwa ngoma za isukuti njia nzima, na watu wa upande wa pili wamemtukana mama yake wiki nzima kabla hajafika uwanjani. Ndiyo maana kamera zinatoka Nairobi kuja kutazama ng'ombe wawili wakisukumana. Sasa boti? Nilimwuliza Bramwel boti yake inaitwaje, akasema namba nne. Anayemsumbua zaidi ni namba tisa. Nani atatoka kwake na filimbi mdomoni kwenda kumshangilia namba tisa?

Nikazibatiza mwenyewe. Ya Bramwel nikaiita Chafua Maji. Ile nyingine nikaiita Ngurumo.

Redio yetu ya hapa mjini ina kipindi cha salamu adhuhuri. Unapiga simu, unasema jina na unakotoka, unawasalimia watu wako, unaomba wimbo. Mtangazaji wake ni Tracy, binti mwenye sauti kama chai ya maziwa. Jumatatu nikampigia.

"Mimi ni Zeituni wa Mumias. Asalaam aleikum. Namsalimia mume wangu Farouk, wanangu Husseini na Sumayya, na wale wadogo ambao majina yao yatakumalizia kipindi. Zaidi ya wote naisalimia Chafua Maji, boti ya Bramwel, iliyoiacha Ngurumo nyuma Jumamosi ikinywa povu."

Tracy akacheka, akaweka wimbo.

Jumanne nilitia kipande cha nduma shavuni, nikawa Mzee Cornelius, mkulima wa mahindi Likuyani.

"Huyo Zeituni arudi jikoni. Ngurumo ilitiliwa maji kwenye petroli, na aliyetia anajijua. Bila hivyo, hiyo Chafua Maji ingekuwa inatafutwa na wavuvi mpaka sasa."

Jumatano Zeituni alijibu, na hakujibu kwa upole. Alhamisi Cornelius alimwambia maneno ambayo mimi kama mwanamke yaliniudhi, na ikabidi ninyamaze kidogo nitoe nduma, nipumzike.

Ugomvi ni kama harufu ya samaki wa kukaanga, hauhitaji mwaliko. Wiki ya pili watu wa kweli walianza kupiga simu. Mwanafunzi wa kilimo kule Bukura akasema yeye na wenzake bwenini ni wa Ngurumo, kufa kupona. Mama mmoja wa sokoni akasema kibanda chake sasa kinaitwa Chafua Maji, karibuni nyanya. Isaiah, fundi viatu wa hapa njiapanda, akachora Ngurumo kwenye sanduku lake la zana kwa rangi ya kiwi. Nilimpelekea kiatu anishonee.

"Pole, Mama Bramwel," akaniambia huku uzi uko mdomoni. "Kijana ni wako, lakini Jumamosi ataoga."

"Shona kiatu, Isaiah."

"Nashona. Nasema tu umtumie taulo."

Nilimkasirikia kwa adabu, maana kiatu kilikuwa bado mkononi mwake. Lakini nilirudi nyumbani nikitabasamu njia nzima. Jumamosi jioni Bramwel akipiga simu, ananieleza mbio zilivyokwenda, na Jumatatu Zeituni anaeleza kaunti nzima.

Kuna jambo moja sikulitarajia. Nikiwa Zeituni nilikuwa na watu. Dakika zangu zilikuwa zinaisha kabla watoto hawajaisha. Nikiwa Cornelius nilikuwa na wake wawili, na wote walikuwa wananisumbua vizuri tu. Kisha naweka simu chini, na nyumba inarudi kuwa saa ya ukutani na paka. Jioni moja nilijikuta nimesonga obusuma, ugali wetu, wa kutosha nyumba ya Farouk nzima. Niliukata vipande, nikaupanga sahanini, nikautazama mpaka ukapoa. Asubuhi niliunywea chai, na kesho yake, na ile kesho nyingine.

Siku moja simu ikalia.

"Naomba kuongea na Mzee Cornelius," sauti ya chai ya maziwa ikasema.

"Ametoka. Anakamua."

"Basi nipe Zeituni."

"Anaswali."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi nasaidianga kazi hapa."

Tracy alicheka mpaka akakohoa. "Kukhu," akasema, na vile alivyoniita bibi nikajua nimepatikana, "hawa watu wa Mumias na Likuyani wote wana namba moja ya simu."

Mimi sikujua kwamba simu hutanguliza namba kabla ya sauti kufika. Kwenye darasa letu la saba hilo halikuwemo. Nikamwambia ukweli: kwamba nina mtoto mmoja, kwamba akitangazwa atapata mfadhili, na akipata mfadhili atakuja nyumbani.

"Usiache, Kukhu," akasema. "Tangu muanze kutukanana, wewe na wewe, simu hazikauki hapa. Bosi wangu amekubali. Jumamosi naenda Kisumu, natangaza mbio moja kwa moja. Zinaanza saa ngapi?"

"Bramwel husema saa nane."

Sikumwambia Bramwel. Redio yetu ikifika vilima vya Maragoli huchoka na kurudi, kwa hiyo kule Kisumu hawaisikii. Nilitaka jioni anisimulie mbio kama kawaida yake, nami nimkatize, nimwambie mwanangu, nimekusikia, kila kona nilikuwa na wewe. Nilikuwa nimebakiwa na kuku mmoja, mtetea wa mayai, niliyeapa kwamba huyu simgusi. Jumamosi asubuhi nilimgusa. Nilijiambia kwamba baada ya leo kutakuwa na mlaji, na kuku wengine watapatikana.

Pale njiapanda Isaiah alitoa spika nje ya kibanda. Watu walijaa, wengine na filimbi. Alinitengea nafasi kwenye benchi, akaipangusa kabisa.

"Njoo ukae, Mama Bramwel. Ukilia tutakushika."

"Nina chungu motoni," nikasema.

Nilikaa mlangoni pa jikoni, mahali simu inaposhika mtandao, redio yangu ndogo pajani. Saa nane Tracy akaingia hewani. Upepo ulikuwa unavuma kwenye kinasa sauti chake.

"Wasikilizaji wangu, nimefika ufukweni. Nilitegemea kuona maji. Naona kijani. Gugu maji limeziba kutoka hapa mpaka macho yanapoishia. Kuna mbuzi. Kuna mzee hapa ni mlinzi. Mzee, mbio zinaanzia wapi?"

"Mbio gani, dada?"

"Za boti. Za leo."

"Hapa? Gugu lilifunga hapa tangu mvua za masika. Hakuna injini imewashwa."

Kule njiapanda mtu alipuliza filimbi, akaachia katikati.

"Na boti ya Bramwel?" Tracy akauliza, na nikasikia kwamba sasa anauliza polepole, kama mtu anayekanyaga gizani.

"Ile pale, chini ya turubai. Njoo uone. Lakini taratibu."

Turubai likakwaruza. Kisha kuku akalia, kwa hasira, ndani ya redio yangu.

"Wasikilizaji," Tracy akasema, "kwenye kiti cha dereva kuna kuku. Amelalia mayai."

"Ni wangu," mlinzi akasema. "Usimsumbue, yuko karibu kuangua."

"Na Bramwel mwenyewe hujanga?"

"Wale vijana? Siku nyingi sijawaona. Watakuja kufanya nini na maji hakuna?"

Nikasikia upepo peke yake. Kisha Tracy akasema, "Kukhu, kama unanisikia..." hakumaliza, akaomba studioni waweke wimbo.

Njiapanda walicheka. Kicheko kilifika mpaka kwangu, kikubwa, kama cha siku ya fahali aliyekimbia. Kisha mtu akazima ile spika ghafla. Nadhani alikuwa Isaiah, na kwa hilo nimemsamehe Ngurumo yote na taulo lake.

Niligeuza kuku chunguni. Nilikuwa nimewatangazia watu wa Mumias, Bukura na Likuyani ushindi wa Jumamosi baada ya Jumamosi, kona kwa kona, nikiamini kwamba katika shughuli hii mwongo ni mimi peke yangu. Nilijaribu kukumbuka sauti ya Bramwel akiwa mdogo, akidanganya kwamba amenawa mikono. Alikuwa anaongea haraka. Sasa haongei haraka tena. Amekuwa mtu mzima.

Kuku akaiva. Nikatoa firigisi, nikaiweka kando, nikaifunika. Mkono ulishazoea, haukuniuliza.

Jioni simu ikalia.

"Mama. Leo ilikuwa vita."

"Hebu niambie."

"Namba tisa alitutangulia. Mpaka boya la mwisho alikuwa mbele. Nikamwacha aingie kwa pupa, halafu mimi nikapita kwa ndani. Maji yalinipiga mpaka kwenye meno."

"Maji yalikuwa mengi?"

"Safi kabisa, Mama. Kama kioo."

"Na watu?"

"Walijaa. Sema hakuna aliyekuja kututangaza. Kama kawaida."

Alikuwa anasimulia vizuri. Ningekuwa simjui ningempa kipindi. Nyuma yake palikuwa kimya, kimya cha chumba, na nikajiuliza ni chumba gani hicho, na kama kina dirisha.

"Sasa wiki ijayo utakuja?" nikauliza.

"Wiki ijayo ni fainali, Mama. Si unajua."

"Najua."

Nikavuta kisahani karibu. Nikakifunua. Nikaichukua ile firigisi, nikaitia mdomoni mwangu mimi mwenyewe. Ilikuwa imepoa, inakataa meno kidogo, lakini tamu. Miaka yote hii, nikawaza, ndiyo maana walituficha.

"Mama? Unakula nini?"

"Kuku," nikasema, nikatafuna mpaka nikamaliza. "Na wewe, yule wako mlimfanyaje?"

"Wangu nani?"

"Yule kuku aliyelalia mayai kwenye kiti chako. Ulipopita kwa ndani pale kwenye boya la mwisho, alikuwa amekaa, au alisimama ashangilie?"

Hakukata simu.

"Mama," akasema haraka haraka, kama wa zamani, "nani amekuambia?"

"Umetangazwa, mwanangu."