Mzazi wa Fausta Yuko Wapi?

Venance Lukelo alipopewa cheo cha Mratibu wa Wazazi, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa fundi kushonesha suti ya Kaunda. Wenzake wakipewa kazi huanza na kazi. Yeye alianza na mifuko minne. Na tangu siku ile, mtu akimwita "mwalimu" mtupu, bila uratibu, alijiona ameibiwa.

Shule yenyewe, pale Kibaoni, ni ya watu: serikali inatoa kibali kwa mkataba na kuleta walimu, bodi ya wazazi ndiyo inaiendesha. Sasa shule ya wazazi isiyo na wazazi ni kichekesho, jamani. Mkutano uliopita walikuja watu wa kuhesabika, na mmoja wao kumbe alikuwa anatafuta mbuzi wake. Mwalimu mkuu, Madam Violeth, mama asiyepandisha sauti hata akikasirika, akamwita ofisini.

"Venance, mkutano ujao ukidoda, hicho cheo nakifuta. Utarudi darasa la tano ukafundishe hesabu za sehemu."

Sehemu! Venance aliziogopa sehemu kuliko wanafunzi wenyewe.

Akaingia kazini. Akafungua grupu la wasapu, akawaingiza wazazi wote na walimu, yeye akiwa admini. Akaandika matangazo marefu yenye vipengele. Wazazi wakamjibu kwa picha za maua, za asubuhi njema, video za kwaya, na mmoja akauliza bei ya pumba. Venance akachoka. Akalizima sauti grupu lake mwenyewe, akawa anaingia kubandika tangazo na kutoka, bila kusoma hata neno moja la mtu. Lakini ungemuuliza, angekuapia kwamba anawasiliana na wazazi kutwa kucha.

Nyumbani, binti yake Fausta, wa darasa la tatu, alikuwa analeta madaftari ya aibu. Anarukaruka mistari, nane anaifanya tatu. Mkewe Venance, Teddy, alishasema: mtoto huyu akiendelea hivi atarudishwa darasa la pili.

"Uvivu tu," Venance akajibu, macho kwenye simu. "Mtoto wa mratibu mzima! Nitalishughulikia mkutano ukipita."

Akawafuata wazazi walipo. Mpunga ulikuwa unakomaa, na ukikomaa, kijiji kizima cha Namawala, wanakotoka wazazi wengi, kinahamia mashambani kuamia ndege wasile mpunga. Ukienda mkutanoni asubuhi, unarudi kweleakwelea wamekuachia mabua matupu. Jambo hilo mtu yeyote aliyezaliwa Ifakara analijua. Venance kazaliwa Ifakara, na mikutano yake yote aliipanga asubuhi.

Alimkuta Mama Polycarp juu ya kichanja, kombeo mkononi. Mwanawe Polycarp anasoma darasa moja na Fausta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kwenye tope."

Venance akaanza hotuba. Mzazi asiyefika shuleni, alisema, anamzika mtoto akiwa hai. Maneno hayo aliyatunga njiani kwenye bodaboda, akayapenda sana. Mama Polycarp akamsikiliza, akarusha donge la udongo, ndege wakapaa.

"Maneno mazuri. Sasa panda wewe hapa, ushike kombeo, mimi nishuke nikusikilize vizuri."

Akapanda na suti yake. Donge la kwanza likaenda nyuma. La pili likamrudia mwenyewe kifuani, likatulia kwenye mfuko wa juu kana kwamba umeshonewa kazi hiyo. Mama Polycarp alicheka mpaka akakaa chini, na Venance, atafanyaje, akacheka pia. Kicheko kile kilifanya kazi kuliko matangazo yote: wakakubaliana mkutano uwe mchana, jua likiwaka na ndege wakipumzika, majirani wapokezane kulinda.

"Tutakuja," akasema Mama Polycarp. "Ila risala sitaki. Nataka nimwone mtoto wangu anafanya nini huko."

Basi ikawa hivyo: kila mtoto ataitwa, mzazi wake atatoka mbele, mtoto amsomee kutoka kwenye daftari lake.

Siku ilipofika, ukumbi ulifurika. Baiskeli zilijaa mpaka nje ya uzio. Madam Violeth alitabasamu, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu shule ifunguliwe. Venance akashika maiki.

"Na leo hakuna mwalimu kusimama badala ya mzazi! Ujanja huo tumeuchoka!"

Makofi. Polycarp akamsomea mama yake, mama akajifuta machozi kwa khanga. Makofi tena. Venance akayalewa makofi, mdomo ukaitangulia akili.

"Fausta Lukelo! Mzazi wa Fausta!"

Fausta akasimama na daftari lake. Hakunyanyuka mtu.

"Mzazi wa Fausta yuko wapi? Mnaona? Ndiyo haya nina..."

Sentensi ikamfia mdomoni. Teddy alikuwa Mang'ula kwa mama yake tangu juzi. Venance alialika wazazi wa bonde zima, mkewe akamsahau.

"Kinyozi hajinyoi!" sauti ikatoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Mwalimu," Mama Polycarp akasema, "weka maiki chini. Anaitwa mzazi."

Akaiweka mezani, akaenda mbele ya mtoto. Fausta akafungua daftari, akalisogeza mpaka pua ikagusa karatasi, akasoma. Alisoma vizuri, bila kukwama hata mara moja.

Madam Rosemery, mwalimu wa darasa la Fausta, akamwinamia Venance. "Haoni ubaoni. Nimeandika kwenye grupu, si mara moja, akapimwe macho."

"Tuko ofisi moja, Rosemery! Si ungeniambia?"

"Nilitaka. Ukasema mambo ya wazazi yapitie kwenye grupu."

Kweli alisema, tena kwa kujisifu. Akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Mama, mbona wewe hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Ukasema nisubiri, unawaandikia wazazi."

Maiki pale mezani hakuwa ameizima. Ukumbi wote ulisikia, na safari hii hakucheka mtu. Venance alitamani sehemu. Alitamani darasa la tano zima na sehemu zake zote, kuliko kusimama pale na suti ile.

Mama Polycarp akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake.

"Njoo, Baba Fausta. Wazazi tunakaa huku."

Venance akamshika mtoto mkono, akaenda akakaa.