Stafford Ilikuwa Nje ya Duara

Kituo cha Goweko nilikifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma, kama mtoto. Kilikuwa na urefu wa futi nne na upana wa futi mbili, kikaenea kiti kizima kutoka mlango hadi mlango. Mkanda nikaupitisha juu ya paa la ofisi ya mkuu wa kituo, taratibu, nisije nikavunja bomba la maji ya mvua ambalo Leonce alilitengeneza kwa mrija wa soda. Kisha nikasimama pale kwenye maegesho ya nyumba zetu, Arlington, Texas, saa tatu asubuhi ya Ijumaa, nikiwa na funguo mkononi na sababu zote za kutokwenda.

Queen alipiga simu kabla sijafika barabara kuu. Binti yetu anasoma chuo Denton, na huwa anajua ninachofanya kabla sijamwambia.

"Mama, that's four hours. Wewe unachukia hata kwenda Dallas."

"Nachukia maegesho ya Dallas."

"Na ukifika huko Stafford utafanya nini?"

"Nitakiweka mezani."

Akasema, "Haya. Usiendeshe na viatu vya kazini."

Mume wangu Leonce alifariki mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa kazini kwenye ghala. Sitaandika habari za siku hiyo. Naandika habari za Stafford, kwa sababu ndiyo iliyonikaa kifuani kuliko hata Jumanne yenyewe.

Leonce alizaliwa Goweko, kituo kidogo kwenye reli ya kati, mashariki ya Tabora, ambako baba yake alikuwa akizipokea treni kwa bendera ya kijani na kuziaga kwa bendera hiyohiyo. Mimi ni wa Tabora mjini. Goweko niliijua kwa dirisha tu, nikinyoosha mkono kununua asali. Tulipohamia Texas, Leonce akakutana na wazee wa Kimarekani wanaounda treni ndogo, na nyumba yetu ikaanza kunuka gundi.

Katika chama chao kila mtu hujenga kipande chake nyumbani, ubao mmoja wenye reli juu yake. Siku ya onyesho vipande vyote huunganishwa ukumbini, cha huyu kwa cha yule, mpaka treni inauzunguka ukumbi mzima ikipita milima ya mmoja na mji wa mwingine. Ili hilo liwezekane, reli lazima zitoke pembeni mwa kila ubao mahali palepale, kwa kipimo walichokubaliana. Mtu akikosea inchi moja, treni inaanguka. Leonce hakuwa mtu wa kukosea inchi. Hata shuka alikuwa anazipima dukani.

Maonyesho yenyewe ni mengi. Karibu kila Jumamosi kuna ukumbi mahali fulani, na mwaka wa kwanza tuligombana, kwa sababu ilionekana kama nimeolewa na mtu ambaye wikiendi zake ni za wengine. Ndipo alipotandaza ramani ya barabara juu ya meza ya kulia, akachukua mfuniko wa sufuria ya ugali, akauweka Arlington ikiwa katikati, akazungusha kalamu.

"Ndani ya mfuniko nakwenda," alisema. "Nje ya mfuniko nakuuliza kwanza."

Denton ilikuwa ndani, na Plano, na Corsicana. Waco na Tyler zilikuwa ukingoni kabisa, tukakubaliana kuzihurumia. Asubuhi anaondoka na Goweko yake, jioni yuko mezani anakula na kunisimulia: treni ya nani imeanguka darajani, nani kaleta mji wenye taa za barabarani, mzee gani kagombana na mkewe mbele za watu kwa ajili ya handaki la karatasi. Nilijua wake za watu ambao sijawahi kuwaona.

Stafford, kule chini karibu na Houston, ilikuwa mbali na duara, nafasi ya kiganja kizima. Kila Januari alikuwa ananiuliza.

"Mama Queen, kuna onyesho la Stafford mwezi ujao. Kimutai ananiita."

Kimutai ni Mkenya, nesi wa Houston. Walifahamiana mtandaoni, kwenye kundi la watu wa treni, na hawakuwahi kuonana.

"Ni mbali, Baba Queen," nilikuwa najibu.

"Basi," anasema, na kurudi kwenye gundi yake.

Januari ya mwisho sikujibu hivyo. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nimeanguka kwenye kochi na koti langu. Akaja akasimama mbele yangu, akauliza. Nikasema, "Leonce, nenda wewe na midoli yako. Mimi nina wazee kumi na wawili wa kuwageuza kitandani."

Midoli. Sikuwahi kuiita hivyo, wala sikuwahi kuifikiria hivyo. Akasema, "Basi." Halafu akapiga magoti akanivua viatu.

Baada ya mazishi neno hilo likawa linaamka kabla yangu. Niliamini kwamba mtu huyu, ambaye hakuwa na makuu, aliomba kitu kimoja, nami nikamnyima miaka minne, na mara ya mwisho nikamnyima kwa dharau. Watu walileta vyakula, wakasema alikuwa na bahati ya kuwa na mke kama mimi. Nilikuwa naitikia asante na kuangalia chini.

Januari ilipofika bila mtu wa kuniuliza, nilijiuliza mwenyewe. Maili mia mbili na hamsini. Nikajijibu: sawa. Namba ya Kimutai ilikuwa imeandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa vya Leonce. Nilipojitambulisha alinipa pole, nami nikamwambia nataka kuileta Goweko.

"Kuja, shemeji," alisema. "Kuja nayo. Tutakuwekea nafasi katikati ya layini."

Niliendesha nikiwa nimeshika usukani kama ngazi. Baada ya Corsicana nilijua nimetoka kwenye mfuniko, na magari makubwa yakaanza kunipita kana kwamba nimeegesha. Huntsville kulikuwa na misonobari pande zote mbili, mirefu, na mvua nyembamba. Nilikuwa naongea na kiti cha nyuma. Nilikuwa nasema maneno ya kijinga: unaona, tumefika huku, unaona. Sharpstown, mtaa wa Houston, nilifikia kwa Prudensia, tuliyesoma naye sekondari, ambaye aliitazama Goweko akaipa kitanda cha wageni, sisi wawili tukabanana chumbani kwake.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa Stafford ulikuwa umejaa meza, waya na watu wenye kofia. Mmoja wao, mrefu, mwenye mvi za pembeni tu, alikuja mbio mikono imenyooshwa kuupokea ubao.

"Huyu ndiye shemeji mkali!" alisema. "Miaka minne, eh! Kila nikimwita huyo jamaa, jibu ni moja: Mama Queen amekataa. Nimepanga hoteli: Mama Queen amekataa. Nimesema atalala kwangu, bibi yangu apike kuku: Mama Queen amekataa. Sisi hapa tulikuwa tumekupatia jina. Taa Nyekundu."

Wenzake wawili wakacheka, kisha wakaniona uso wangu wakaacha.

"Pole, shemeji," Kimutai alisema. "Ni mzaha tu."

Nilimwambia haina shida. Nilitabasamu, kwa sababu nilifundishwa kutabasamu. Kwa hiyo hata huku walijua. Alikuwa amewaambia watu asiowahi kuwaona kwamba nyumbani kwake kuna mtu anayemzuia, na mtu huyo alikuwa mimi, nimesimama mbele yao na koti la msiba.

Kimutai na wenzake waliibeba Goweko mpaka kwenye pengo waliloliacha kati ya mji wa mtu mmoja na shamba la ng'ombe la mwingine. Wakakaza miguu ya meza, wakaipandisha, wakaishusha, ikakaa sawa. Kisha Kimutai akainama kuunganisha reli, akabaki ameinama. Akatoa rula mfukoni. Akaenda upande wa pili, akainama tena.

"Haiwezi," alisema.

"Imevunjika?"

"Haijavunjika. Cheki." Aliweka kidole. Reli za kwao zilitoka inchi nne kutoka ukingo wa mbele. Reli za Goweko zilitoka inchi sita. Zilitazamana pale kama watu waliokosana mlangoni. "Hii ni kipimo ya huko kwenu. Sisi huku tuko na yetu."

"Basi alikosea," nilisema, na moyo ukaniuma upya, kwamba hata kama ningekubali angefika hapa akaaibika.

"Akosee aje? Mimi nilimtumia vipimo kabla hata aanze kujenga. Nikamtumia tena mwaka uliofuata. Nikamwambia, jamaa, ukitaka kuja kwetu, weka reli hapa, ama tengeneza kipande kidogo cha kuunganisha, ni kazi ya jioni moja. Akasema asante, ameweka kwa boksi ya vifaa."

Sanduku lilikuwa garini. Nikaenda nikalileta, nikalifungua juu ya kiti. Chini ya misumari na brashi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa Leonce, wima na safi kama wa mwanafunzi: *Arlington, inchi 6. Houston, inchi 4.* Na chini yake, akiwa amepigia mstari: *Goweko, inchi 6.*

Niliisoma nikiwa nimesimama. Halafu nikaisoma nimekaa.

Kulikuwa na mwaka mmoja ambao nilikuwa nimeusahau. Queen alikuwa amepata nafasi chuoni siku hiyohiyo, nyumba ilikuwa na furaha, na Leonce alipouliza habari za Stafford nikasema, "Haya, twende wote." Akanitazama kama mtu aliyeletewa sahani ya mwenzake. Siku tatu baadaye alisema tairi la mbele haliaminiki kwa mwendo mrefu. Tairi hilohilo lilikwenda Waco na kurudi, wiki mbili baadaye. Na miaka mingine yote aliniuliza lini? Nimetoka zamu mbili. Nina homa. Nimesimama kwenye jiko na mwiko mkononi, ugali unashika. Mtu anayepima shuka dukani hakushindwa kupima saa ya kumwuliza mke wake.

Nilianza kucheka. Ilitoka kwa kelele, puani kwanza, mpaka yule wa shamba la ng'ombe akageuka.

"Shemeji?" Kimutai alisema, akishika kofia yake.

"Hakutaka kuja," nilisema. "Kaka Kimutai, hakutaka kuja hata siku moja."

Nikampa karatasi. Aliitazama, akaitazama Goweko, akaitazama tena karatasi.

"Wacha!" alisema. "Yaani huyo mzee alinichezea? Miaka minne?"

"Alituchezea wote wawili. Mimi nilikuwa nakataa, yeye anakuletea jibu."

"Na si angesema tu hataki?"

"Umemwita mara nne, unampangia hoteli, mkeo anachinja kuku. Wewe ungesema hutaki?"

Kimutai alifikiri. "Ningesema bibi yuko kazini," alikiri. "Kusema kweli, kanisani mimi husema hivyo karibu kila wiki." Akavua kofia, akajipangusa. "Na mimi nikakupatia jina!"

"Jina ni zuri. Nimelifanyia kazi bila kujua."

Akacheka mpaka akashika meza, na meza ikatikisika, na mahali fulani kwenye mji wa jirani behewa likalala ubavu.

Alipokwenda kuliinua nilibaki peke yangu na kituo. Sikujiuliza sana kwa nini hakutaka. Aliwahi kuniambia, siku moja akikausha ule mfuniko kwa kitambaa, kwamba kutoka Goweko mpaka Arlington ameshamaliza mbali yake yote, sasa anataka karibu. Nilidhani anasema tu. Alipenda kurudi jioni, kuvua kofia, na kuanza hadithi kabla hajanawa mikono. Kile kilichohitaji kulala njiani hakikumvutia, na kwa kuwa alikuwa mpole mno kuwaambia watu hivyo, aliazima "hapana" yangu, kila Januari, akaitumia vizuri na kuirudisha.

Neno midoli lilibaki kuwa neno baya. Sitajidanganya. Lakini sasa lilikuwa na ukubwa wake wa kweli: neno la mke aliyechoka, kwa mume aliyepata jibu alilokuja kulitafuta. Ndiyo maana alinivua viatu bila kinyongo. Nilivuta pumzi, na ikaenda mpaka chini, mahali ambapo haikuwa imefika tangu mwezi wa tisa.

Goweko haikuweza kuunganishwa, kwa hiyo Kimutai aliiwekea meza yake karibu na mlango, akavuta waya, akaniletea kichwa cha treni na mabehewa mawili. Kwa futi nne treni haiwezi kwenda popote. Inatoka mwisho huu, inapita mbele ya wauza asali ambao Leonce aliwafinyanga kwa nta, kila mmoja na kitenge chake, inasimama mwisho ule, na mtu anabonyeza kitufe irudi. Watu walipenda. Bibi mmoja aliniuliza wale wanawake wanauza nini, nikamweleza, akaniuliza kama asali ile ni nyeusi au ya dhahabu, nikagundua kwamba naongea kwa furaha.

Saa sita Kimutai alikuja na sahani mbili za wali na kuku, na daftari kwapani.

"Juni tuko San Antonio," alisema. "Ukumbi mkubwa kuliko huu. Nikuandike, shemeji? Wewe na Goweko?"

Nilifikiria barabara, misonobari, magari makubwa. Nilifikiria kitanda changu.

"Hapana," nilisema. "Ni mbali."

"Na safari hii nani amekataa?"

"Mimi."

Akaandika kitu daftarini, akaniwekea sahani magotini. Treni ilikuwa imefika mwisho wa reli, nikabonyeza kitufe irudi, nikaanza kula.