Kasiksi ya Mpakani

Mdogo wangu Callixte alinipigia simu kambini asubuhi moja, sauti yake tamu hata nikamsamehe miezi yote aliyokuwa kimya.

“Dada, vita imetulia huku Burungu. Kuya uone pori yako. Miti imenenepa, utashangala.”

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka kwenye vibanda vyao vya shitingi, yale maturubai ya msaada, wakidhani nimefiwa. Nikawaambia, nani amefiwa, mimi nimefufuka! Binti yangu Uwamwezi nilimwacha alinde vyombo. Nilimwahidi kwamba nikishapata pa kusimamisha nguzo nitamfuata, tuache kulala juu ya mawe ya Goma kama mijusi.

Ni lazima mnielewe kuhusu hilo pori. Si kubwa. Ni ubavu wa mlima ambao marehemu Papa alikataa kuukata, wakati wenzake wote walikata yao wakaweka ng’ombe, wengine mikaratusi. Lake alilibakiza na miti yake ya zamani, ya majani mapana, mingine jani moja linatosha kumfunika mtoto mvua. Watu wa silaha walipomuua mume wangu, na shemeji zangu wakanifukuza shambani kabla hata sijamaliza kulia, Papa aliwaita majirani. Alinishika mkono mbele yao akasema pori ni la Libérata, apate mahali pa kujenga. Mama Emérita, jirani yetu wa ng’ambo ya kijito, alikuwepo. Callixte alikuwepo pia, tena ndiye aliyeshika mwavuli. Sina ardhi nyingine chini ya jua hili. Bila pori lile, mimi ni mtu wa shitingi mpaka kaburini.

Nilipofika sikukubali hata chai ya mke wa Callixte. Nilitaka pori kwanza. Callixte akacheka, akachukua bidoni ya njano, tukapanda.

Ndani kulikuwa na baridi ile ninayoijua, na ile harufu ya majani yaliyooza juu ya majani mengine. Ukikanyaga, mguu unazama kidogo, kama kwenye godoro la watu wenye pesa. Nilikuwa nikienda nikiigusa miti na kuisemesha, mti huu nikiuuliza nani amekuchuna gome, na ule nikiuambia wewe umekuwa mkubwa bila kuniaga. Nilikwisha kuona wapi nitajenga, pale juu penye tambarare. Ningekata miti michache tu ya nguzo, nipande maharage ukingoni, na mingine yote ikae. Callixte alikuwa akinifuata nyuma akisema “ndiyo, Dada, ndiyo,” kwa upole ambao ulipaswa kunishtua. Tangu lini huyu mtoto ananikubalia mambo mawili mfululizo?

Mpakani, pale pori linapokutana na shamba la Mama Emérita, tuliwakuta watu. Mama Emérita mwenyewe, na mwanangu wa ubatizo Nzabandora, ambaye sasa ni baba wa watu, na mwanamume mgeni mwenye viatu vizuri vya mpira.

“Huyu iko Papa Muhindo,” alisema Callixte. “Mufanyabiashara wa Butembo. Anatusaidiaka sana.”

Nilimsalimu kwa mikono miwili. Nilidhani ndiye aliyempa Callixte nauli aliyonitumia nije. Alinijibu kwa heshima, lakini macho yake hayakukaa kwa watu. Alitazama mti kuanzia shina mpaka tawi la kwanza, halafu akautazama wa pili vilevile. Mtu anayetazama miti hivyo hatafuti ndege, lakini siku hiyo akili yangu ilikuwa imelewa kabla ya pombe.

Callixte alifungua bidoni. Ilikuwa kasiksi nzuri ya ndizi, ya siku tatu, ile inayouma puani. Nikafurahi mno. Kwetu mtu akirudi kutoka ukimbizini hupokewa kwa kasiksi, naye hunywa wa kwanza, ili ajue kwamba kikombe chake hakikupewa mtu mwingine. Nikachuma majani mawili mapana nitandike nikae.

“Bado kukala, Dada,” alisema Callixte. “Kunywa kwanza. Weye njo wa kwanza.”

Nikanywa nikiwa nimesimama. Tena kwa ujinga wangu nikaongeza na langu, nikamwaga tone chini kwa ajili ya Papa, nikasema kwa sauti: “Papa, asanti, niko hapa, nimeona.” Wote wakapiga makofi. Nikadhani wamefurahi kuniona. Machozi yalinitoka, na Mama Emérita akaangalia pembeni. Papa Muhindo akanywa wa pili, Nzabandora akafuata, kikombe kikamfikia Mama Emérita.

Halafu Papa Muhindo akanishika mkono.

“Asanti sana, Mama. Mudogo yako alinielezaka kama weye njo ulimutuma auzishe pori. Lakini miye nilikatala. Nilisema, bila mwenyewe kukunywa, siwezi ingiza musumeno.”

Kwetu kasiksi ni mbili. Ya kumpokea mtu hunywewa mmekaa, nyumbani. Ya kuuza ardhi hunywewa mpakani, mmesimama, mwenye ardhi kwanza, mnunuzi wa pili, mashahidi nyuma yao. Aliyeinywa hiyo hawezi kesho kwenda kwa chifu kusema hakujua. Mtoto wa Burungu anayejua kuchunga mbuzi analijua hilo. Na mimi, mtu mzima, nilisimama mpakani, nikanywa wa kwanza, nikasema kwa mdomo wangu kwamba nimeona. Niliuza pori langu nikilia kwa furaha.

“Callixte,” nilisema. “Hii iko kasiksi ya nini?”

Alikuwa akifunga kifuniko cha bidoni. Alikifunga vizuri, pole pole.

“Dada, usipandishe sauti. Bantu ya silaha bangekata hii miti bure. Leo vita imetulia, kesho itarudia. Afazali tukule sisi.”

“Sisi banani?”

“Weye uko mu kambi. Banakupatiaka unga, mafuta, shitingi. Miye niko na batoto saba.”

Sijui kama mmewahi kupigwa na mtu mliyembeba mgongoni. Mwaka wa tisini na tatu, vita ya kwanza ilipotukuta, nilimbeba Callixte humu humu, nimemziba mdomo kwa kiganja asilie, naye akaniuma mpaka damu, nami sikutoa mkono. Leo huyo ndiye ananihesabia unga wa msaada. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kinakupigia simu kwanza na kukuita Dada.

Nikamgeukia Mama Emérita. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake, kimejaa. Asipokunywa, kuna shahidi mmoja aliyebaki nje, na neno langu lina mguu wa kusimamia.

“Mama,” nilimwambia, “ulikuwa pale. Ulisikia Papa alisema nini. Usikunywe.”

Alifungua mdomo, nikaona kweli anataka kusema. Callixte akakohoa.

“Callixte njo jirani yangu, Libérata,” alisema. “Usiku bantu ya silaha bakija kugonga, weye utakuwa wapi? Njo yeye nitaita.”

Akanywa yote. Akapangusa mdomo kwa kitenge, akaniomba msamaha, na akaniita mwanangu. Ningependa anitukane kuliko hivyo.

Nikatukana mimi. Nilimtukana Callixte matusi ambayo sikujua kama ninayajua, nikamtukana na Nzabandora, ambaye nilisimama naye kanisani, mpaka sauti ikanikauka. Papa Muhindo peke yake ndiye aliyevua kofia. Sasa alikwisha kuelewa, nami niliona kwamba ameelewa, na niliona pia kwamba hatarudi nyuma. Mashine zake za kukatia miti zilikuwa tayari zimefika Kitchanga, hapo karibu.

“Mama,” alisema taratibu, “miye sikujua. Lakini kasiksi imekwisha kunywewa. Nitakubakishia muti moja. Weye mwenyewe uchague.”

Mti mmoja. Nikageuka kuliangalia pori. Ile libuyu kubwa, mti wa zamani kuliko yote, ilikuwa mbele yangu, na nyuma yake miti ya misave iliyojipanga mpaka kwenye tambarare langu. Jamani, mtu anachaguaje? Nikiitaja libuyu, ni mimi ninayeitoa misave yote. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikafungua tena, na watu wote wamesimama wananingoja.

Callixte alichoka kungoja. Alitembea mpaka ukingoni, akashika kimti chembamba kilichopinda, akakitikisa.

“Huu unamutosha,” alisema. Hakuniambia mimi. Alimwambia Muhindo.